Sebule Iliyogeuzwa Bohari

Jumatatu, 2 Juni 2025

Shajara, niwie radhi. Nimekuacha ndani ya mtoto wa meza tangu mvua za vuli, na kisingizio sina. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa safarini. Mtu anayekula peke yake hana habari za kuandika, isipokuwa alichokula, nacho ni kilekile.

Leo habari ipo. Abby amepiga simu kutoka Mombasa. Binti yangu anafanya kazi katika kampuni inayotoa mizigo bandarini, na huzungumza upesi kama mtu anayelipia pumzi. Alisema kuna watu wanaotaka kukodi kiwanja chetu hapa mtaa wa Sofia, Voi, wasawazishe kila kitu, wajenge bohari. Voi sasa ni mahali panapotafutwa, alisema. Barabara ya Taveta ina lami hadi mpakani, bara iko huku, pwani iko kule, na kila mwenye biashara anataka kuweka bidhaa zake katikati. Mimi nitahamia kwake. Chumba kipo tayari. Kina feni. Watu hao wanataka jibu kabla ya tarehe kumi na tano kwisha.

Nilimjibu kwamba siwezi kuondoka kwa sababu nina shughuli nyingi. Akauliza shughuli gani. Nikamwambia simu inakatika. Simu haikuwa inakatika.

"Kusawazisha kila kitu" maana yake ni pamoja na mlimau alioupanda marehemu mke wangu, Rita. Abby hakuutaja. Mimi pia sikuutaja.

Baadaye treni ya mizigo ilipita ikielekea Nairobi, makontena juu ya makontena. Haikusimama. Niliitazama nikiwa barazani hadi behewa la mwisho, ndipo wazo likanijia. Nilifundisha sarufi kwa maisha yangu yote ya kazi. Kupanga vitu mahali pake si jambo geni kwangu. Ikiwa Voi inahitaji bohari, bohari ni mimi.

Jumatano, 4 Juni

Nimempigia Abby nikamhoji kuhusu uchukuzi wa kisasa, nikijifanya nauliza kwa niaba ya rafiki. Alifurahi sana. Alieleza kwamba siku hizi mzigo haukai, unapita. Kwamba bohari husogezwa karibu na mteja badala ya mteja kuifuata. Kwamba kila furushi lina namba, na mwenyewe hulifuata kwenye simu yake tangu linapotoka mpaka linapobisha hodi. Kwamba lori halitakiwi kurudi tupu. Kisha akauliza rafiki huyo ni nani. Jina halikunijia haraka. Nikasema Opiyo.

Kosa. Opiyo si rafiki. Opiyo ni jirani. Ni mstaafu wa reli ya zamani, na tulicheza drafti kila jioni mpaka Februari, siku niliyoingia ndani kuchukua miwani na kurudi nikakuta kete yake imesogea. Alisema ni upepo. Upepo hausogezi kete kimshazari. Hatujacheza tena.

Nimeandika kibao kwa mkono wangu, rangi nyeupe, herufi kubwa: KITUO CHA KUPOKELEA, KUHIFADHIA NA KUSAFIRISHIA MIZIGO. Nimekitundika langoni. Opiyo alikuja akakisoma kwa sauti, polepole, mpaka mwisho. Alitaka kujua kama treni itasimama hapa kwangu au abiria wataruka. Mkewe, Nabwile, alimwita arudi nyumbani aache kumsumbua japuonj. Ndivyo wanavyoniita wote wawili. Ni "mwalimu" kwa Kijaluo, ingawa Nabwile mwenyewe ni Mbukusu.

Alhamisi, 5 Juni

Kituo kilifunguliwa asubuhi. Nilivaa tai. Meza, kiti, kalamu tatu za rangi tofauti.

Mtu mmoja aliingia. Alikuwa anaulizia kwa daktari wa mifugo. Nimemhesabu kuwa mteja wa kwanza, maana alipokelewa, akahifadhiwa kivulini, akasafirishwa.

Alasiri nilimpigia Wakio wa Werugha, kule juu milimani, binamu yake Rita. Yeye na jirani zake hulima kabichi, karoti na njegere. Mboga zao hushuka na pikapu ya Derrick kupitia Wundanyi na Mwatate, kisha hushushwa kando ya barabara hapa Voi kusubiri lori la Ngui liendalo Mombasa. Hapo hukaa juani. Kabichi iliyolelewa na ukungu haina ujasiri wa kukabili jua la Voi. Nilimweleza kwamba sebule yangu ina kivuli, sakafu ya saruji na madirisha yanayotazamana. Nilitumia maneno "mnyororo wa baridi", niliyoyapata kwa Abby, yaani mboga zisiguswe na joto njiani. Wakio akauliza, "Shemeji, umekula?" Nikamkumbusha kwamba tunazungumzia kabichi. Akasema basi, Jumamosi watajaribu.

Nimetoa makochi nje. Yote, isipokuwa kiti cha Rita cha dirishani. Hicho hakimzuii mtu.

Ijumaa, 6 Juni

Opiyo ametundika kibao chake. Ni kipande cha kadibodi. Kimeandikwa: HAPA PIA. Hakuna kitenzi. Hakuna maelezo.

Kabla ya adhuhuri mwendeshaji wa bodaboda alimpelekea kifurushi. Ni viatu ambavyo mwalimu mmoja wa shule ya jirani ameviagiza Nairobi kwa simu. Nilimsimamisha yule mwendeshaji alipokuwa akirudi, nikamwonyesha kibao changu. Alisema alikiona, ila alikuwa bado anakisoma alipojikuta amefika kwa Opiyo. Na mama wa kule alimpa maji.

Jioni mwenye viatu alikuja kuvichukua. Alivijaribu palepale, akatembea navyo barazani huku na huku, Opiyo akipiga mbinja kama garimoshi. Akaalikwa kula. Akala. Kicheko chao kilivuka ua mpaka huku kwangu, nikafunga dirisha, kisha nikalifungua tena kwa sababu ya hewa.

Nimechonga kalamu zote.

Jumamosi, 7 Juni

Magunia yamefika. Sebule imejaa hadi usawa wa picha ya harusi. Nyumba ilinuka Werugha: udongo baridi, moshi wa kuni, majani mabichi. Nilisimama katikati kwa muda bila kazi maalumu.

Kasoro moja. Kila gunia lilikuwa limeshonwa mdomo kwa namna yake, na kufungwa kitambaa kilichochanwa kutoka leso kuukuu. Kimoja chekundu, kingine cha maua, kingine cha njano, vingine vimefifia hata rangi haina jina. Hiyo ndiyo alama. Jina hakuna, namba hakuna. Wanunuzi wa soko la Kongowea huja asubuhi, huita kitambaa wanachokijua, hubeba gunia, huenda zao. Katika karne hii. Abby angeona haya.

Nilivikata vyote. Nikaishona midomo ya magunia yote kwa mshono mmoja, nikabandika lebo za karatasi zenye mwandiko safi, kila moja na namba yake. Derrick alisimama mlangoni amejishika kichwa.

"Mwalimu, hizo vitambaa ndio macho ya watu," alisema.

Nilimwambia ni "hivyo vitambaa ndivyo". Akasema sawa, hivyo vitambaa ndivyo macho ya watu. Nilimshukuru kwa kujirekebisha, nikaendelea kukata.

Ngui alipopakia, nilimwagiza asirudi tupu. Akauliza alete nini. Nikamjibu lolote, kanuni ni kutorudi tupu.

Vitambaa nimevifua nikavianika kwenye kamba. Opiyo alichungulia juu ya ua akauliza kama nimepata mtoto.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada nilianzisha huduma ya kufuatilia mzigo. Mkulima anatuma neno FUATILIA pamoja na namba ya gunia lake. Mimi nampigia Ngui. Ngui ananieleza alipo. Mimi namwandikia mkulima. Nimewatumia wote maelekezo, kuanzia Wakio hadi wa mwisho. Hakuna aliyetuma neno.

Nikatuma mwenyewe, kwa laini yangu ya pili. Simu ya kwanza ikalia mezani. Ngui hakushika yake, kwa hiyo nilijijibu bila kumsubiri: "Mzigo wako uko njiani. Asante kwa uvumilivu wako." Huduma ni ya haraka na lugha ni ya heshima. Nilijitumia tena alasiri.

Nimevipiga pasi vile vitambaa. Sijui kwa nini. Pasi ilikuwa ya moto na shati lilikuwa moja tu.

Jumanne, 10 Juni

Simu imelia tangu alfajiri. Haijalia hivi tangu mazishi.

Nitaeleza kwa utaratibu. Magunia yalishuka mlimani yakiwa na umande. Karatasi zikalowa, wino ukatiririka, namba zikawa mawingu. Huko Kongowea Ngui alishusha rundo la magunia yaliyofanana kama wanafunzi wa bweni. Mama mmoja, mnunuzi wa Wakio wa miaka mingi, alikuja kuulizia cha njano. Cha njano hakikuwapo. Aliyetaka njegere alipewa karoti. Mwenye hoteli mmoja alifungua gunia lake mbele ya wapishi akakuta viazi vya mbegu vilivyokwisha kuchipua, ambavyo jirani yake Wakio alikuwa akimpelekea dadake.

Nilimjibu kila aliyepiga kwa sentensi kamili. Niliwaeleza kwamba kosa si la mfumo, ni la umande. Yule mama wa Kongowea alisema mpaka vitambaa virudi, magunia ya Werugha yasishushwe mbele yake. Nikamweleza ubora wa namba. "Namba hailimi, mzee," alisema, akakata.

Ngui amerudi. Hakurudi tupu. Ameleta vifuu vya nazi, karibu nusu ya lori, amevimwaga uani chini ya mlimau. Nilisema lolote. Ngui ni mtu mtiifu.

Abby naye alipiga. Habari zimemfikia mpaka bandarini. Nilitarajia acheke, maana alipokuwa mdogo alikuwa akicheka mpaka anapaliwa. Alisema tu, kwa upole, "Baba, chumba bado kipo."

Afadhali angecheka.

Jumatano, 11 Juni

Wamekuja. Wanawake wa Werugha, pikapu nzima, kuchukua vitambaa vyao. Niliwaomba wapange foleni. Wakapanga duara.

Niliweka kikapu katikati. Walipoona vitambaa vimepigwa pasi na kukunjwa pembe kwa pembe, mmoja akauliza ni nani huyu anayepigia pasi mdomo wa gunia, na wote wakaanguka kwa kicheko. Mmoja alikaa chini kabisa. Mwingine alisema akiolewa tena ataolewa Voi. Vidole vilijua kabla ya macho: hiki cha mama mkwe, hiki cha leso ya ubatizo, hiki si changu lakini nakipenda.

Opiyo alileta benchi bila kuombwa. Nabwile aliwasha vifuu akachemsha chai katika sufuria yake kubwa, kisha wali na kabichi. Vifuu vinawaka vizuri mno. Hiyo ni faida ya lori kutorudi tupu, nami nililitangaza jambo hilo mbele ya wote. Opiyo alisema hata garimoshi lake la zamani halikuwahi kula vizuri hivyo.

Derrick alikiri, bila kushurutishwa, kwamba kabichi hazikunyauka sebuleni. Wakio akasema ni kweli, kivuli ni kizuri, wataendelea kushushia kwa shemeji kila Jumamosi, kwa sharti moja: mkasi ukae kwa Nabwile. Nabwile akauchukua palepale akautia mfukoni mwa aproni.

Walipokuwa wakifungasha, Wakio alinivuta kando. Mkononi alikuwa na cha njano, chenye michoro ya korosho pembeni. Alisema ni leso ya Rita. Baada ya matanga niliwaambia ndugu zake wachukue nguo. Yeye alichukua leso hiyo akaichana vipande vya kufungia magunia, ili dada aendelee kushuka Mombasa kama alivyopenda. Aliniuliza kama sikuitambua.

Nilimwambia niliitambua.

Sikuitambua. Nilikikata kitambaa kile, nikakifua, nikakianika, nikakipiga pasi, nikakikunja. Sikukitambua.

Waliondoka mapema ili ukungu usiwakute mlimani. Sebule ni tupu. Bado inanuka kabichi. Sijafungua madirisha.

Ijumaa, 13 Juni

Opiyo alikuja na ubao wa drafti chini ya kwapa. Aliuliza kama kituo kinapokea mizigo mizee. Sikumkaribisha, wala sikumfukuza. Alikaa. Nilishinda mara moja. Yeye alishinda zilizobaki. Nilikuwa na miwani yangu usoni muda wote.

Lakini tarehe kumi na tano inakuja, na Abby anahitaji ushahidi. Nimeamua kumpelekea gunia mimi mwenyewe, chini ya mfumo wangu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Derrick aliniletea kabichi nzuri. Niliandika lebo mpya: jina, namba, anwani, maelekezo ya kuhifadhi. Safari hii niliifunika kwa plastiki. Acha umande uje.

Kamba ilinipungukia nikiwa nashona. Nikafungua sanduku la Rita. Leso huuzwa mbili mbili; Wakio alichukua moja, na pacha wake yumo humo, njano ileile, korosho zilezile. Mkasi uko kwa Nabwile. Nilichana ukanda kwa mikono. Nilihitaji kamba, na hiyo ilikuwa kamba.

Nilimwandikia Abby namba ya gunia na kumtaka aende kulipokea mahali malori yanaposhushia. Ngui akapakia akaondoka. Nikaketi kunywa chai. Nikainua kikombe. Lebo ilikuwa chini yake, kavu kabisa, imefunikwa kwa plastiki.

Gunia limekwenda bila jina. Ngui hakushika simu. Sikumwambia mtu yeyote. Baadaye Opiyo aliniuliza mbona leo nasogeza kete ovyo. Nikamwambia ni upepo.

Jumapili, 15 Juni

Leo ndiyo siku ya jibu. Sikusikia mahubiri.

Abby alipiga baada ya chakula cha mchana. Gunia analo. Alisema lilikuwa chini ya rundo, limefunikwa na mengine, kona tu ya kitambaa ikitokeza, naye akaliendea moja kwa moja hata wapakuzi wakamuuliza limeandikwa wapi. Nilimwomba anisomee namba kwa ajili ya uthibitisho. Alisema hakuna namba. Alisema, "Baba, ni leso ya Mama." Kisha hakusema kitu kwa muda mrefu, na simu haikuwa inakatika.

Matokeo, basi. Mzigo uliondoka Voi. Mzigo ulifika kwa mwenyewe. Haukupotea, haukuharibika, haukubadilishwa na viazi. Mfumo wangu unafanya kazi. Kasoro iliyobaki ni kwamba mteja hakusoma namba, na hilo ni suala la elimu kwa wateja. Nimeagiza lebo za plastiki tupu. Rangi ya bluu, isiyotoka. Nimenunua mkasi mwingine, na Nabwile hajui ulipo. Werugha ikizoea nitaingia Mbololo, kisha nitashughulikia ndizi za Mata, kule Taveta, ambazo nasikia zinasafiri bila hata kitambaa.

Alipopata sauti, Abby aliuliza awajibu nini wale watu wa bohari. Nilimwambia suala hilo liko mezani pamoja na mambo mengine ya kituo. Nilidhani atakasirika. Alisema atawaomba wasubiri kidogo, na kwamba Jumamosi hana kazi, angependa kuja kuona hiyo sebule ikiwa na kabichi. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa, ikiwa mlimau umezaa.

Umezaa.

Uamuzi ukipatikana, shajara, nitakaa chini nikuandikie kabla sijamwambia mtu mwingine. Sasa siwezi. Opiyo yuko langoni na ubao wake, na leo hakuna upepo.